JIKO LETU: Supu ya viazi inayoiva ndani ya kikapu

Huku Njombe na Makete, mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Asubuhi nyingine tunakuta umande umeganda juu ya majani kama chumvi. Mtu akirudi kutoka shambani siku kama hiyo, hataki maneno mengi. Anataka kitu cha moto tumboni.

Kitu hicho ni supu ya viazi. Leo tutaipika pamoja, lakini kwa njia ambayo baadhi yenu mtaicheka. Tutaichemsha motoni kwa dakika kumi tu. Halafu tutaitoa, tutaitia ndani ya kikapu chenye nyasi, tutaifunika, na kwenda zetu kazini. Supu itaiva yenyewe.

Si uchawi. Soma polepole mpaka mwisho.

KWA NINI KIKAPU?

Fikiria sufuria ya maji jikoni kwako. Unawasha moto. Maji yanapata joto, na mwisho yanachemka. Sasa ongeza kuni tatu. Je, maji yatazidi kuwa ya moto? Hapana. Maji yakishachemka, joto lake haliongezeki tena. Zile kuni tatu zinageuza maji kuwa mvuke, na mvuke unatoka nje kupitia paa. Ni kuni zako zinazokwenda hivyo.

Kiazi hakihitaji maji yarukeruke. Kinahitaji joto na muda. Maji yakitulia, lakini yakabaki ya moto sana, kiazi kitaiva.

Kwetu milimani jambo hili ni zito zaidi. Dar es Salaam, karibu na bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100 za joto. Mahali palipo juu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Yaani yanachemka kabla hayajapata joto lile la pwani. Kwa hiyo chakula chetu kinakaa motoni muda mrefu kuliko chao. Mgeni kutoka Dar es Salaam akishangaa maharage yetu hayaivi, mweleze hivyo.

Na kuni hizo nani anazileta? Unamjua. Msichana anayetumwa kuni mchana ndiye yule yule ambaye jioni anasinzia juu ya daftari.

Kuna jambo jingine. Katika kitongoji chetu mtoto wa miaka mitatu alivuta mpini wa sufuria iliyokuwa juu ya mafiga. Mama yake alikuwa amekwenda mtoni mara moja tu. Supu ilimmwagikia mguuni. Watu walikimbilia kumpaka dawa ya meno na mafuta, na ngozi ikazidi kuharibika. Alipona, lakini kovu analo. Ndugu msomaji, mtu akiungua, mwagia sehemu ile maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake kitu. Kisha mpeleke zahanati. Na sufuria iliyomo ndani ya kikapu, imefunikwa vizuri pembeni mwa nyumba, haina moto wa kumvuta mtoto.

JAMBO HILI SI GENI

Mjini watu wengine wana sufuria ya umeme inayopika polepole. Wanaiwasha asubuhi, wanarudi jioni, chakula tayari. Sufuria hizo zilianza kuuzwa sana Marekani katika miaka ya 1970. Aliyebuni ya kwanza aliitwa Irving Naxon, naye alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1940. Alisema wazo alilipata kwa mama yake. Mama huyo alimsimulia habari za kwao Lithuania, huko Ulaya. Wayahudi wa huko hawawashi moto siku ya Sabato. Basi Ijumaa, kabla jua halijazama, walipeleka vyungu vyao kwa mwoka mikate. Moto wa tanuri ulikuwa umezimwa, lakini joto lilibaki. Chakula kiliiva usiku kucha kwa joto hilo.

Kwa hiyo umeme ulikuja baadaye. Kilichotangulia ni akili ya kutunza joto. Na sisi tusio na umeme, au tusiotaka kulipia umeme wa kutwa nzima, nyasi tunazo.

TENGENEZA KIKAPU

Tafuta kikapu kikubwa au tenga la mianzi. Sufuria ikikaa katikati, ibaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande, na chini pia. Nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Usiibane.

Tandika ndani gunia safi. Jaza nyasi kavu, au majani makavu ya migomba, au matambara, au blanketi kuukuu. Yawe makavu kabisa. Nyasi mbichi huiba joto na kuoza. Shindilia chini mpaka ufike upana wa kiganja. Weka sufuria tupu katikati, kisha jaza pembeni mpaka shimo lichukue umbo la sufuria. Mwisho shona mto mnene, uujaze nyasi hizo hizo. Huo mto ni wa kufunika juu. Joto hupenda kukimbilia juu, kwa hiyo mto mwembamba ni kama nyumba isiyo na paa.

Kabla ya kupika chakula, kijaribu kwa maji. Chemsha sufuria iliyojaa, uitie saa mbili asubuhi. Saa sita mchana ifunue. Gusa ubavu wa sufuria. Kama huwezi kuacha mkono hapo ukahesabu hadi tatu, kikapu ni kizuri. Kama unaweza, ongeza nyasi.

SUPU YENYEWE

Kwa watu sita, tafuta vitu hivi: viazi mviringo kilo mbili, vitunguu viwili, karoti mbili, njegere mbichi kikombe kimoja, mafuta kijiko kimoja, maji lita mbili, maziwa nusu lita, na chumvi. Kama una kitunguu saumu, weka punje mbili tatu. Nyanya moja ukipenda, lakini isubiri. Nitasema sababu.

Kwanza kagua viazi. Kiazi kilichokaa juani huwa kijani. Rangi hiyo ni dalili ya sumu, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Kama ni doa dogo, kata ndani sana ulitupe, pamoja na macho yaliyochipua. Kama kiazi chote ni kijani, au ni kichungu, usikipike. Usimpe hata mtoto anayelia njaa. Tangu leo weka viazi vyako gizani.

Menya ganda jembamba. Osha. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vyote sawasawa. Vikiwa vikubwa kwa vidogo, vidogo vitakuwa uji na vikubwa vitabaki vigumu.

Kaanga vitunguu kwenye mafuta mpaka vilainike. Tia viazi, karoti, njegere na chumvi. Mimina maji yaliyochemka tayari, maana maji baridi yatakula kuni upya. Sufuria ijae robo tatu au zaidi. Sufuria iliyo nusu hupoa upesi. Kama mko wawili tu nyumbani, tumia sufuria ndogo.

Funika. Supu ikianza kuchemka kwa nguvu, hesabu dakika kumi. Usifunue kuchungulia.

Sasa epua. Hapa sikiliza vizuri. Weka sufuria chini kwenye udongo, ufute kitako na ubavu kwa kitambaa kilicholowa. Angalia kusiwe na kaa la moto lililonasa. Kaa moja dogo ndani ya nyasi kavu linatosha kuchoma nyumba. Ukishahakikisha, itie kikapuni haraka, weka mto, gandamiza.

Iache kwa muda wa saa mbili. Nenda kapalilie. Ukichelewa kidogo si kitu, haitaungua wala kukauka, maana hakuna moto wa kuiunguza. Lakini usipitishe saa nne. Kikapu ni cha kupikia, si cha kulazia chakula usiku.

Ukirudi, toa sufuria. Ponda viazi nusu kwa mwiko, nusu viache vipande. Vile vilivyopondwa ndivyo vinavyofanya supu kuwa nzito, hakuna haja ya unga. Rudisha motoni. Tia maziwa, na nyanya iliyokatwa kama unayo. Koroga mpaka ichemke, kisha pakua.

Kwa nini nyanya mwisho? Kwa sababu uchachu wake hufanya viazi viwe vigumu. Ukiitia mwanzoni, utakaa unangoja viazi vilainike na havitalainika. Maziwa nayo yakikaa muda mrefu na vitu vyenye uchachu hukatika. Tena maziwa mabichi yasiyochemshwa huleta magonjwa, kwa hiyo yachemke kweli kweli pamoja na supu.

MAKOSA YANGU

Mara ya kwanza nilipopika hivi, niliabika mbele ya mama mkwe. Nilitumia sufuria kubwa, nikaijaza nusu. Nyasi zilikuwa chache. Juu nilifunika khanga moja tu. Halafu kila nusu saa nilikwenda kufunua, nione kama inaiva. Kila nikifunua joto linatoka, na mimi nalisindikiza kwa macho. Mchana viazi vilikuwa vinagonga meno. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho kikapu umetamia mayai?"

Nilirudisha sufuria motoni, tukala saa tisa. Wiki iliyofuata niliongeza nyasi, nikashona mto, na nikajizuia kufunua. Kujizuia ndiko kulikuwa kugumu. Siku hiyo mama alikula bakuli mbili, na hakusema neno. Baada ya siku chache nilimkuta anashona mto wake mwenyewe kwa gunia la zamani.

SUPU HII INAMFAA NANI?

Wote. Lakini hasa wale ambao ugali mgumu unawashinda. Mzee asiye na meno ataimeza bila taabu. Mgonjwa aliyekosa hamu ya chakula, mpe kidogo kidogo, ikiwa ya moto kiasi. Mtoto aliyetimiza miezi sita na anaanza kula, mpondee iwe laini kabisa, bila chumvi na bila pilipili, huku akiendelea kunyonya. Kwa hiyo toa fungu lake kabla ya kutia chumvi, au pika lake peke yake. Usisahau njegere na maziwa. Kiazi kinatia nguvu, lakini cha kujenga mwili kimo zaidi katika hizo njegere na hayo maziwa.

Neno juu ya usalama, tena nalisema kwa msisitizo. Ukifunua kikapu ukakuta supu ni ya moto sana, vizuri, ichemshe tena ule. Ukikuta imekuwa vuguvugu na hujui tangu lini, imwage. Najua inauma kumwaga chakula. Lakini vijidudu hupenda mno chakula cha vuguvugu, na vingine huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Gharama ya supu moja ni ndogo kuliko nyumba nzima kuharisha.

Baadhi yenu mtauliza, je, na maharage yanaivia kikapuni? Yanaivia, tena hapo ndipo utaona kuni zako zinabaki. Lakini yana masharti yake. Lazima yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, na yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kuingia kikapuni. Maharage, hasa yale mekundu, yasipochemka hivyo huleta kutapika na kuhara. Usiyajaribu kwa kubahatisha. Mwezi ujao tutayapika hatua kwa hatua katika ukurasa huu huu, kwa hiyo kikapu chako usikibomoe, na kuku wasitagie humo.