Nesi wa vichanga alipwe kama nesi

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na nilikuwa nimepanga kuandika juu ya mashindano ya mpira. Nimebadilisha. Sababu ni usiku mmoja niliokaa kwenye benchi nje ya wodi ya vichanga, nikisubiri habari za mtoto wa dada yangu. Alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia tatu. Kwa sasa anaendelea vizuri, Mungu asifiwe. Lakini yale niliyoyaona kupitia mlango ule uliokuwa unafunguka na kufungwa, nataka tuyaongee.

Ndani kulikuwa na nesi mmoja. Ni mkimbizi kama sisi, mama wa watoto watatu. Alisomea unesi Kivu Kusini akapata A1, akafanya kazi miaka saba kabla ya vita kumtoa. Jina lake sitaliandika, wala la kituo, maana hapa tunasomwa na wengi na sitaki kesho aitwe ofisini kwa ajili yangu. Tumwite Muganga, kwa sababu kule kwetu hata nesi tunamwita hivyo.

Usiku ule alikuwa na watoto kumi na wawili. Saa nane za usiku akatoka kunywa maji, nikamuuliza kama hana mwenzake. Akacheka kidogo. "Miye niko na batoto kumi na mbili, mikono ni hii mbili tu." Akarudi ndani.

Nilipokuwa pale kwenye benchi nikaanza kupiga hesabu. Mtoto njiti hawezi kunyonya mwenyewe. Anapewa maziwa ya mama kwa mrija au kikombe, na wengi wao wanalishwa kila baada ya saa tatu, wale wadogo zaidi kila baada ya saa mbili. Tuchukue saa tatu tu. Katika zamu ya saa kumi na mbili, kila mtoto analishwa mara nne. Watoto kumi na wawili mara nne ni mara arobaini na nane. Tuseme kila mlo unachukua dakika kumi, maana maziwa hayasukumwi, yanateremka polepole na nesi anaangalia mtoto asipaliwe. Hizo ni dakika 480. Saa nane nzima ni za kulisha peke yake!

Zinabaki saa nne. Ndani ya hizo saa nne apime joto, kwa sababu njiti hana mafuta mwilini na anapoa haraka. Ahesabu pumzi, maana mtoto wa namna hii anaweza kusahau kupumua, na ukimgusa mguuni anakumbuka. Achome dawa za maambukizi kwa saa zake, aangalie oksijeni, aandike kila kitu kwenye kadi. Amfundishe mama mpya namna ya kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Na katikati ya hayo yote, wodi ya wazazi wanaweza kumwita mbio kwa sababu kuna mtoto amezaliwa hajalia, na dakika moja ya kwanza ndiyo ya kumsaidia apumue.

Kwa kulinganisha, Uingereza kiwango kinachopendekezwa ni nesi mmoja kwa mtoto mmoja aliye mahututi, mmoja kwa wawili wanaohitaji uangalizi wa karibu, na mmoja kwa wanne kwa wale wengine. Sisemi kambi iwe London. Nasema tu kwamba kazi ni ile ile na mtoto ni yule yule.

Na hii siyo habari ndogo. Mwaka 2022 watoto kama milioni 2.3 duniani walikufa kabla ya kumaliza siku 28 za kwanza. Gawanya kwa siku za mwaka, ni zaidi ya 6,000 kila siku. Sababu kubwa zinajulikana: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi, na kasoro za kuzaliwa nazo. Nchi zote zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 vifo hivyo visizidi 12 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Nyingi ya sababu hizo zinazuiwa na mtu aliyefundishwa, aliye macho, aliye karibu. Hata ile njia ya kumbeba mtoto kifuani, utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba ikianzwa mara tu baada ya kuzaliwa inapunguza vifo vya njiti kwa robo. Kifua cha mama ni bure. Ila lazima kuwe na nesi wa kumwonyesha mama, na kumrudia tena saa tisa za usiku wakati mama amechoka na anaogopa.

Sasa tuulize, huyo nesi ni nani?

Kwanza ni mwanamke. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi karibu milioni 28 duniani, na kama asilimia 90 ni wanawake. Mwaka 2022 shirika hilo pamoja na lile la kazi, ILO, walitoa ripoti ya malipo kwenye sekta ya afya. Walipolinganisha wanawake na wanaume wenye umri, elimu na saa za kazi zinazofanana, waliona wanawake wanalipwa asilimia 24 pungufu. Kazi ambayo wanawake ni wengi huwa inaonekana kama wito, na neno wito mara nyingi ni njia ya heshima ya kusema lipa kidogo. Kwenye vichanga ndiyo zaidi. Watu wanafikiri kulea mtoto mchanga kila mama anajua, kwa hiyo kuna ujuzi gani hapo? Kaa kwenye lile benchi usiku mmoja, utauona.

Pili, kambini ni mkimbizi. Na hapa ndipo pengo linakuwa bonde. Sote tunajua neno insentivu. Mkimbizi anayefanya kazi na shirika, awe mwalimu, mlinzi, mkalimani au nesi, mara nyingi hahesabiwi kama mfanyakazi. Anahesabiwa kama mtu wa kujitolea anayepewa kitu cha kumtia moyo. Viwango vinapangwa kwa pamoja na mashirika, ili shirika moja lisimnyang'anye lingine watu. Muganga aliniambia cha kwake. Sitaandika tarakimu, ila alipojaribu kuhesabu mara ngapi kinaingia katika mshahara wa nesi mwenyeji wanayepokezana naye zamu, vidole vya mkono mmoja vilimwishia.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Nesi mwenyeji siyo adui yetu. Ameacha familia yake kaunti ya mbali akaja kwenye vumbi na joto hili, na mkataba wake ni wa muda mfupi. Wauguzi wa Kenya wenyewe mwaka 2017 waligoma miezi mitano kudai walichoahidiwa. Yeye pia hapati kingi. Ninachosema ni kwamba watu wawili wanaoshika mtoto mmoja, mmoja mchana na mwingine usiku, hawawezi kuwa mmoja ni mfanyakazi na mwingine ni wa kujitolea.

Na matokeo yake yanaonekana. Mwenyeji mkataba ukiisha anaondoka. Mkimbizi naye akipata nafasi ya kuuza vitenge, kushona au kufungua kibanda cha kuchajia simu, anaondoka pia, kwa sababu biashara ndogo inaweza kumlipa sawa na wodi bila kukesha. Kila akiondoka mmoja, anakuja mpya wa kufundishwa upya namna ya kupitisha mrija kwenye pua iliyo ndogo kama mbegu ya mpapai. Ujuzi wa vichanga unakaa mikononi. Ukimpoteza mtu, umeupoteza.

Najua majibu yanayotolewa, maana wafanyakazi wa mashirika nao wanasoma hapa na baadhi yao ni marafiki zetu. Tuyapitie.

Jibu la kwanza ni kwamba mkimbizi anapewa chakula na makazi bure, kwa hiyo insentivu ni ya juu ya hapo. Labda zamani ilikuwa na maana. Lakini mgao wa chakula umekatwa na kukatwa tena, Tanzania mwaka 2023, hapa Kenya mwaka 2025 baada ya Marekani kupunguza misaada. Sasa Muganga ananunua unga sokoni kama mtu yeyote. Huwezi kupunguza chakula halafu ukaendelea kukitaja kama sehemu ya malipo.

Jibu la pili ni sheria. Hapa tuseme ukweli wote. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake kama sifa zake zinatambuliwa na mamlaka husika. Uganda sheria yao ya 2006 iliruhusu kazi mapema kuliko sisi. Tanzania bado ni kugumu zaidi. Kwa hiyo kwa hapa Kenya mlango upo, ila umefungwa kwa kufuli ya pili: kutambuliwa kwa vyeti. Cheti cha Muganga ni cha Kifaransa. Kinahitaji kutafsiriwa, kuthibitishwa na kupelekwa Baraza la Wauguzi, Nairobi, na yeye anahitaji kibali cha kutoka kambini. Halafu kuna mtihani na ada. Na yeye ana bahati, kwa sababu alikimbia na cheti chake kimefungwa kwenye plastiki ndani ya nguo za mtoto. Wengine shule walizosoma zimechomwa.

Jibu la tatu ni usalama wa mgonjwa, kwamba huwezi kumlipa kama nesi mtu asiye na leseni. Hili naliheshimu. Mimi mwenyewe sitaki mtu asiyejua ashike mtoto wa dada yangu. Lakini mbona usiku anaaminiwa kuachiwa watoto kumi na wawili peke yake? Kama hatoshi kuitwa nesi, asiachwe peke yake. Kama anatosha kuachwa peke yake, basi anatosha kuitwa nesi. Ofisi ichague moja.

Jibu la nne ni pesa hakuna. Ni kweli hazipo kama zamani. Lakini pesa kidogo ndiyo sababu ya kuchagua vizuri. Kufundisha watu wapya kila mara kuna gharama, ingawa kwenye bajeti inaandikwa mafunzo na kila mtu anafurahia picha.

Basi tunaomba nini? Mimi naomba mambo yanayowezekana.

Mosi, insentivu za afya zipangwe kwa daraja. Mwenye A2, A1 au diploma na uzoefu asiwe kwenye mstari mmoja na aliyeajiriwa jana bila masomo. Na anayefanya vichanga usiku apate nyongeza ya usiku kama wenyeji.

Pili, shirika linaloendesha kituo lisaidie safari ya leseni. Kutafsiri vyeti, ada ya mtihani, kibali cha safari. Kwa nesi mmoja ni gharama ya mara moja, na faida yake ni ya miaka. Akishapata leseni, apewe mkataba wa kazi, maana leseni bila mkataba ni karatasi tu. Namjua kijana wa bloku yetu aliyemaliza diploma ya uuguzi hapa hapa Kenya, kwa mtaala wa hapa, akarudi kambini kupokea insentivu.

Tatu, nesi aliyezoea vichanga asihamishwe kila mwezi kwenda kliniki ya watu wazima kuziba pengo.

Nne, Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka huduma za kambi ziingie kwenye mfumo wa serikali. Sawa. Sasa siku kaunti itakapochukua wodi ile, Muganga atakuwa kwenye orodha gani? Hili liulizwe mapema, kwenye mikutano ya jamii, na liulizwe na sisi. Tukinyamaza, tutaambiwa orodha ilishafungwa.

Kwa wasichana wanaosoma hapa na wanataka unesi: msikate tamaa, ila msikubali kuambiwa ni wito tu. Ulizeni malipo. Ulizeni leseni. Wavulana pia, njooni kwenye wodi ya vichanga, siyo kwenye usimamizi peke yake. Mtoto wa gramu 1,300 hajali anashikwa na nani, mradi anashikwa vizuri.

Asubuhi ile, saa moja na nusu, Muganga alitoka akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Aliniambia mtoto wetu amepita usiku, amelishwa mara nne na hajatapika. Kisha akaniuliza kama najua duka lipi linakopesha unga. Nikamwonyesha. Tukatembea pamoja mpaka pale njia panda, akashika njia ya kwake, na mimi nikaenda kumwambia dada yangu habari njema.