Tunamlaani Anayekunywa, Tunamsalimia Anayemnywesha

  

Ndugu Waislamu, kila msimu wa mvua, katika vijiji vingi vya mkoa wetu wa Njombe, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha na utomvu wake hukingwa asubuhi na jioni. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mbichi ni mtamu, hata watoto wadogo hupewa. Hakuna anayeutia chachu, bali hujichachua wenyewe, na baada ya muda mfupi kinywaji kilichokuwa cha mtoto huwa ni kileo. Mtoto hasikii siku wala saa ulipovuka mpaka.

Khatibu hupanda mimbari akasema vijana wameharibika, shetani amewateka. Kisha hushuka, nasi tukarudi majumbani tukiwa tumeridhika. Tunauliza: je, huo ndio mwendo wa Mtume (s.a.w.)?

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja aliletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, na mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume (s.a.w.) alikataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Katika hadithi nyingine iliyo mashuhuri, laana imewataja watu kumi kwa ajili ya pombe, miongoni mwao anayeikamua, anayeibeba, anayeiuza na anayekula thamani yake. Ni kweli kwamba mnywaji naye yumo. Lakini wanazuoni wametofautisha baina ya kulaani kitendo kwa ujumla na kumlaani mtu aliye mbele yako. Sisi tumepindua mambo: mtoto mlevi tunamlaani kwa jina, na anayemuuzia tunamwamkia kwa heshima.

Wala hatujitoi lawamani. Miaka michache iliyopita tulimfukuza madrasa kijana wa miaka 14 kwa sababu alikuja akinuka ulanzi. Tulisema tunawalinda wenzake. Hatukuuliza analala wapi wala analelewa na nani. Baadaye tukajua kwamba analelewa na bibi yake, na kwamba kila alfajiri humkingia ulanzi jirani yao, na ujira wake ulikuwa sehemu ya ulanzi ule ule. Jirani huyo tulikuwa tukiswali naye safu moja. Tulipokwenda kumtafuta kijana, alikwishaondoka kwenda Makambako kutafuta kibarua. Ni nani kati yetu sisi watatu aliyestahiki kufukuzwa?

Tutazame sababu, kwani tabibu asiyeuliza chanzo cha maradhi hatibu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012, watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe walikutwa na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Katika utafiti wa 2022 hadi 2023, mkoa huu uliongoza tena, kwa asilimia 12.7 ya wenye miaka 15 na zaidi. Dawa zimepunguza vifo, na tunamshukuru Allah. Lakini Makete ilikwishazika wazazi wengi, na yatima wa miaka ile ndio baadhi ya wazazi wa leo, waliolelewa na mabibi au wakajilea wenyewe. Huzuni isiyosemwa hurithiwa kama shamba. Mwaka 1998 Vincent Felitti na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ulioonesha kwamba waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa katika hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja.

Ongeza hapo baba aliye mbali kwa biashara, marafiki ambao kijana huogopa kuchekwa nao, na akili ya umri huo ambayo sehemu yake ya kupima matokeo bado haijakomaa. Kisha mtu husema, "Ni baridi tu." Hiyo ni hoja ya uongo. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akahisi joto huku mwili wake ukizidi kulipoteza.

Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Lakini ulanzi hauna kiwanda cha kufungwa. Mlinzi wake ni jirani mwenye kumcha Mungu.

Basi tunasema wazi. Mwenye mianzi, mwenye gari linalobeba madumu na mwenye chumba alichopangisha kilabu waambiwe hukumu yao kabla ya mtoto kuambiwa yake. Madrasa isimfukuze mtoto kabla mwalimu hajafika nyumbani kwake. Na kila yatima wa jamaa yetu apate mtu mzima mmoja wa kumuuliza kila wiki, "Umelalaje, mwanangu?" Bi Aisha (r.a.) ametufundisha kwamba kuhusu Pepo na Moto kuliteremshwa kwanza, mpaka nyoyo zilipotulia ndipo ikaharamishwa pombe. Nyoyo zilijengwa, kisha zikaamrishwa. Sisi twaamrisha nyoyo ambazo hatujawahi hata kuzitembelea.

Ewe Allah, turejeshee vijana wetu, na utusamehe kwa wale tuliowafungia mlango wa nyumba yako. Amin. Wabillahi tawfiq.