Mali Bila Daftari

Nilikuwa mwalimu kwa miaka 34, na miaka 12 ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mengi ya kazi ile nimeyasahau, lakini daftari la mahudhurio sijalisahau. Kila asubuhi mwalimu wa zamu aliliweka mezani kwangu. Mwanachuo asiyeonekana siku moja aliulizwa kwa wenzake. Asiyeonekana siku mbili alifuatwa bwenini. Siku ya tatu niliandika barua kwa mzazi wake. Sikuwahi kusimama uwanjani na kipaza sauti nikatangaza, "Wanachuo, jitokezeni kwa wingi darasani," kisha nikarudi ofisini nimeridhika. Ningefanya hivyo, hata wapishi wangenicheka.

Ndugu msomaji, jambo ambalo lingechekwa chuoni ndilo tunalolifanya kwa uhai wa mama zetu, dada zetu na wake zetu. Nazungumzia saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka hata mwaka tunasikia matangazo: wanawake jitokezeni, uchunguzi ni bure. Turubai linafungwa, ngoma inapigwa, mgeni rasmi anahutubia, fulana zinagawiwa. Jioni turubai linakunjwa, na kesho yake hakuna anayeweza kukwambia ni nani hakuja, ni nani alikutwa na tatizo, na huyo aliyekutwa nalo yuko wapi sasa.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mwaka 1968. Baba yetu alipofariki nilimsomesha mimi, naye akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2012 ilifanyika siku moja kama hiyo niliyoieleza, wilayani alikokuwa akifundisha. Alipanga foleni tangu asubuhi. Muuguzi alimpaka siki, akaona doa jeupe, akamweleza vizuri kabisa kwamba hiyo bado si saratani, na kwamba tiba yake ni ya dakika chache tu, ya kugandisha mahali pale kwa baridi. Lakini mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha. Wakaandika jina lake na namba yake ya simu kwenye karatasi. "Tutakupigia, mwalimu," wakamwambia.

Hakuna aliyempigia. Baada ya miezi kadhaa alinidokezea habari hiyo, kwa mzunguko, maana mambo ya huko si ya dada kumweleza kaka yake. Nami kwa aibu nilitaka mazungumzo yaishe upesi. Nikamwambia, "Si wamesema watakupigia? Basi subiri." Maneno hayo ni yangu, na sina wa kumtwika. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa namsaidia ndugu yangu kuficha.

Mwaka 2015 alianza kutokwa na damu. Alipofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Walimhudumia kwa upole na wakampa mionzi. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 48. Bila shaka katika taarifa ya siku ile ya turubai yeye alihesabiwa kuwa mwanamke mmoja aliyechunguzwa. Yumo katika hesabu ya mafanikio.

Nasema haya si kwa kulaumu muuguzi yule. Alifanya kazi yake, na aliona kilichopaswa kuonekana. Ninachokilaumu ni mawazo yetu sote, kwamba uchunguzi ni sherehe. Uchunguzi si sherehe. Uchunguzi ni daftari.

Hebu tuutazame ugonjwa wenyewe. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi wetu huvipata na mwili ukaviondoa wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake hubaki, na taratibu hubadilisha chembe za mlango wa kizazi. Kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida ni safari ya miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga dhaifu miaka 5 hadi 10. Ni maradhi machache yanayompa mwanadamu muda mrefu kiasi hicho wa kuziba ufa. Hata hivyo, kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake wapatao 350,000 duniani walikufa kwa ugonjwa huu, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania wanaokadiriwa kufa kila mwaka ni zaidi ya 6,000. Ugonjwa ni ule ule huko na huku. Tofauti ni nani anafuatwa na nani anaachwa.

Najua nitajibiwa kwamba sisi ni maskini na tusijilinganishe na Ulaya. Basi tuanze na Ulaya hiyo hiyo. Waingereza walianza kupima wanawake wao katika miaka ya 1960. Fedha walikuwa nazo, madaktari walikuwa nao, maabara walikuwa nazo. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 alipimwa aliyejitokeza, na faida ikawa ndogo. Mwaka 1988 wakaweka orodha ya wanawake wote wanaostahili, kila mmoja akaitwa kwa barua yenye jina lake, na muda wake ukifika akaitwa tena. Mwaka huo waliofikiwa walikuwa asilimia 42. Kufikia mwaka 1994 walikuwa asilimia 85, na ugonjwa ukashuka. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni daftari.

Kama Uingereza ni mbali mno, twende Mumbai, India, katika mitaa ya watu wa hali ya chini. Huko watafiti waliorodhesha wanawake wa mitaa ile, wakawapima kwa siki kila baada ya miaka miwili. Waliopima hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya waliofundishwa kwa wiki chache. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31. Siki, taa, wahudumu, na orodha. Ni kipi kati ya hivyo kisichopatikana kwetu?

Wengine husema, "Wanawake wetu hawana mwamko." Neno hili mwamko hunichefua. Mdogo wangu alikuwa na mwamko tangu alfajiri. Tena tazameni kliniki ya watoto. Mama wa kijijini kabisa ana kadi, anajua tarehe ya kumpima mtoto uzito, na asipokwenda muuguzi anamuuliza. Tazameni kliniki za wanaoishi na VVU. Kila mmoja ana kadi yake na tarehe yake, na asiyefika hutafutwa. Nani basi alisema Mtanzania hawezi kufuatwa? Twaweza, tukiamua kwamba huyu ni wa kufuatwa. Aidha wanawake wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya saratani hii ni mara sita ya wengine, tayari wamo daftarini. Kwa hao hatuna hata kisingizio.

Wapo pia wanaosema kwamba chanjo imekuja, basi mambo ya kupima yameisha. Chanjo ni neema kubwa, na mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 asisikilize uvumi, ampeleke akachanjwe. Lakini chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1990, au 1980, haikumfikia. Huyo kinga yake ni uchunguzi, na atauhitaji kwa miaka mingi ijayo. Tukimwambia kwamba mambo yameisha, tunamfukia angali hai.

Mwezi Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati ambao nchi zake ziliahidi kuufuata. Kufikia mwaka 2030, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya miaka 45. Naomba wenye mamlaka wanijibu kama mwalimu wa hesabu anavyojibiwa. Mtajuaje kwamba mwanamke wa miaka 44 alipimwa miaka kumi iliyopita, kama hakuna palipoandikwa jina lake? Kuhesabu fulana zilizogawiwa hakutoi jibu hilo. Na hata kipimo kipya cha virusi, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe bila kuona haya, hakina maana ikiwa majibu yatarudi na mwenyewe hajulikani aliko.

Ninachotaka si kikubwa. Kila kijiji na mtaa viwe na daftari la wanawake wenye miaka 30 na kuendelea, na wale wenye VVU kuanzia 25. Pawe na nafasi ya tarehe ya kupimwa, majibu, tiba, na tarehe ya kurudi. Litunzwe kwa siri zahanati, na mhudumu mmoja awe na wajibu wa kuuliza habari za ambaye hakurudi, kwa mguu ikibidi. Mtungi wa gesi ukiisha, liandikwe na hilo, na aliyerudishwa nyumbani awe wa kwanza kuitwa mtungi ukijazwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya mali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku nyingine turubai likifungwa kwenye uwanja wa kata yenu, nenda. Mpeleke mkeo, mwambie dada yako, usione haya kama nilivyoona mimi. Na hotuba zikiisha, kabla mgeni rasmi hajapanda gari, nyoosha mkono uulize swali moja tu: daftari liko wapi, na ni nani atakayelifungua kesho?