Hesabu za Vituo vya Wanyama Zitangazwe

Wapo watu waliotumia nusu ya maisha yao kuwahudumia mbwa na paka wasio na wenyewe, lakini hawataki kusikia habari ya sheria inayovilazimisha vituo vya kuhifadhi wanyama vitangaze takwimu zao. Si watu wa kuficha maovu. Wanahofu kwamba msomaji akiona idadi ya wanyama waliouawa kwa sindano ataishia hapo hapo: atamwita mhudumu muuaji, atazuia mchango wake, na mwaka utakaofuata watakufa wengi zaidi kwa kukosa dawa. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, haitupeleki kwenye uamuzi wa kuzifungia hesabu ofisini.

Nianze na hoja yao iliyo nzito kuliko zote, kwamba asilimia hudanganya. Ni kweli. Tuseme kituo kimoja kinapokea kila mnyama anayeletwa, wakiwamo wagonjwa, wazee na wakali. Kimepokea 1,000, na 800 wametoka hai. Kingine huchagua wa kupokea. Kimepokea 200, na 190 wametoka hai. Cha pili kitajivunia asilimia 95 mbele ya 80 za mwenzake, ingawa mwenzake amewatoa hai wanyama zaidi ya mara nne. Nchini Marekani, ambako asilimia 90 imekuwa kigezo cha kituo kinachojitambulisha kuwa hakiui, kishawishi cha kuwafungia mlango wanyama dhaifu kipo wazi.

Lakini ni kitu gani kilichotuwezesha kuuona udanganyifu huo? Ni idadi ya walioingia. Anayelalamika kwamba asilimia moja inapotosha anadai takwimu zaidi, hata kama mwenyewe hajatambua.

Mwaka 2004 viongozi wa mashirika ya wanyama walikutana Asilomar, California, wakakubaliana namna moja ya kuainisha na kuhesabu wanyama. Naiheshimu kazi ile. Hata hivyo, kanuni yao ya kupata asilimia ya wanaotoka hai iliwaacha nje wanyama waliokufa au kupotea wakiwa mikononi mwa kituo, pamoja na wasiotibika ambao wamiliki wao waliomba wauawe. Maana yake ni kwamba kituo ambacho vitoto vya paka vinakufa kwa maradhi vizimbani kinaweza kutoa asilimia ya kupendeza bila kusema uongo hata kidogo.

Dawa yake ni jedwali zima. Mweka hazina yeyote wa kikundi cha kuweka akiba anaijua hesabu hii: kilichokuwamo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Chukua wanyama waliokuwapo Januari, ongeza walioingia mwaka mzima, kisha toa waliopata familia mpya, waliorudishwa kwa wenyewe, waliohamishiwa kwingine, waliokufa, waliopotea na waliouawa. Jibu lisipolingana na waliopo Desemba, kuna wanyama ambao hawajulikani waliko. Mfumo wa Shelter Animals Count wa Marekani hukusanya takwimu kwa mpangilio wa namna hii, ila kwa hiari. Na penye hiari, mwenye hesabu mbaya ndiye mwenye sababu kubwa ya kutozipeleka.

Pili, husemwa kwamba vituo vidogo havina watu wa kuandika ripoti. Nakubali kwamba wahudumu ni wachache na kazi ni ngumu. Ila sheria ya California ya mwaka 1998 inataka kumbukumbu za kila mnyama: alipokelewa lini na katika mazingira gani, alipewa matibabu gani, mwisho wake ulikuwa upi. Zitunzwe kwa miaka mitatu. Kazi kubwa ni kuandika hayo. Kuyajumlisha mara moja kwa mwaka ni kazi ndogo, na serikali inayodai ripoti itoe fomu moja rahisi kwa wote.

Tatu ni hofu ya hukumu ya haraka, na hapa Virginia inatufundisha mengi. Sheria ya jimbo hilo inavitaka vituo vipeleke ripoti kila mwaka, na serikali huziweka hadharani. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba wengi wa wanyama waliopokelewa na kituo cha PETA, shirika la kutetea haki za wanyama, mjini Norfolk, mwaka baada ya mwaka, waliuawa. Hasira zikapanda. PETA nao wakajibu kwamba huwapokea wanyama waliokataliwa kwingine, na kwamba huwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa daktari ili mnyama anayeteseka afe bila maumivu. Mwaka 2015 Bunge la Virginia lilipitisha sheria iliyofafanua kuwa kituo binafsi ni kile kinachoendeshwa kwa lengo la kuwatafutia wanyama makazi ya kudumu. Mtu anaweza kuegemea upande wowote. Asichoweza ni kudai kwamba mjadala ule ungefanyika bila ripoti, au kwamba PETA walinyimwa nafasi ya kujieleza. Mahali ambapo takwimu zimefichwa, uvumi hufanya kazi yake, na kituo kinachosingiziwa hakina cha kuonyesha.

Vitisho dhidi ya wahudumu ni jambo la hatari, na sheria iwalinde: ripoti itaje kituo, isitaje jina la aliyeshika sindano. Na kwa kuwa nimekiri kwamba vituo hushawishika kufunga mlango, ningeiongeza kwenye fomu safu moja ya wanyama walioletwa wakakataliwa, na sababu ya kila mmoja kukataliwa.