Simu za Upepo Zisiachwe Kuoza Stoo

Kila idara, hoteli au kampuni ya ulinzi inapopata mitambo mipya ya mawasiliano, simu za upepo za zamani huandikwa mali chakavu na kufungiwa stoo. Kwa maoni yetu, nyingi kati ya hizo zingali nzima na zingewafaa wanaredio wa ridhaa.

Huko Marekani, serikali iliwaamuru wenye mitambo ya kazi na biashara wapunguze upana wa mikondo yao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5 ifikapo Januari 1, 2013. Mitambo iliyoshindwa kutimiza amri hiyo ilitolewa kazini, na wanaredio wa ridhaa, ambao amri haikuwagusa, wakaichukua. Mtambo uliotengenezwa kwa megahezi 136 hadi 174 tayari unafika megahezi 144 hadi 146, ambazo kanda yetu imewatengea watu hao. Kinachotakiwa ni waya maalumu, programu ya mtengenezaji na kompyuta. Baadhi ya programu hizo ni za kale mno hata zinakataa kompyuta mpya; hapo fundi mwenye kompyuta kuukuu ndiye mwenye bahati!

Sisi watu wa visiwani jambo hili latuhusu. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa hitilafu ya njia ya umeme wa kutoka bara. Wenzetu wa kisiwa cha Puerto Rico walipigwa na kimbunga Maria Septemba 2017, na zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu za mkononi ikanyamaza; wanaredio wa ridhaa wakatumwa kusaidia kupeleka habari. Mtambo wa gari wa wati 25 hutosheka na betri ya volti 12.

Hata hivyo, hatuungi mkono biashara holela. Mtambo uliopangwa vibaya waweza kuingilia masafa ya polisi, au megahezi 156.8 ambazo mabaharia huombea msaada. Masafa ya zamani yafutwe kabla mtambo haujatoka stoo, na anayeupokea awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Tunaziomba idara za Serikali ziweke fundi wa redio katika kila kamati ya kuuza mali chakavu, naye aseme kipi kizima na kipi kibovu. Mitambo michache ipelekwe katika skuli na vyuo vya Unguja na Pemba, vijana wajifunze kuipanga chini ya mwalimu mwenye leseni. Kazi hiyo ianze kabla ya mnada ujao.