Mnunuzi wa simu apewe ufunguo wake

Anayenunua nyumba hukabidhiwa funguo za vyumba vyote. Anayenunua ng'ombe hukabidhiwa kamba. Lakini anayenunua simu ya kisasa, hata akiilipa papo hapo kwa fedha taslimu, huenda nayo nyumbani ilhali chumba kimoja kimefungwa na ufunguo wake umebaki kwa aliyeitengeneza. Chumbani humo mna wapangaji asiowajua: mchezo asioucheza, duka asilonunua kitu, kivinjari cha pili ambacho hakukiomba, na programu ya habari inayomwamsha alfajiri kwa uvumi wa waigizaji wa ng'ambo. Akitaka kuwafukuza haruhusiwi. Baadhi yao anaweza kuwazima tu. Wengine hata kuzimwa hawakubali.

Suala hili si dogo kama linavyodhaniwa. Linawagusa hasa walimu na wanafunzi, maana hao ndio wanaozitwika simu za bei nafuu mizigo mizito: vitabu, mitihani ya miaka iliyopita, video za masomo na kumbukumbu za alama. Simu iliyoandikwa gigabaiti 32 haimpi mwenyewe gigabaiti 32. Sehemu kubwa huwa imekwisha kutwaliwa na mfumo endeshi pamoja na programu zilizotiwa kiwandani, nazo programu hizo hujisasisha kimyakimya na kula data iliyonunuliwa kwa fedha za chakula cha mchana.

Si ajabu basi kwamba vijana wetu wamejitafutia dawa. Dawa hiyo wanaiita kuruti simu. Wasomaji wasije wakadhani nawazungumzia askari wapya wanaofunzwa gwaride. Neno hili limetoka katika Kiingereza, na maana yake ya asili ni mzizi. Historia yake inastahili kujulikana. Mwaka wa 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix katika maabara ya Bell huko Marekani. Kompyuta moja siku hizo ilitumiwa na watu wengi, kwa hiyo kila mmoja aliwekewa mipaka yake, na mtumiaji mmoja tu, aliyeitwa mzizi na kupewa nambari sifuri, akaachiwa mamlaka ya kufungua, kubadili na kufuta chochote. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoitoa Linux mwaka wa 1991 aliufuata mpango huo huo. Android nayo, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka wa 2008, imejengwa juu ya Linux. Tofauti ni kwamba katika Android kila programu huhesabiwa kuwa mtumiaji anayejitegemea, isiweze kuchungulia mali ya jirani yake. Yule mwenye nambari sifuri bado yumo ndani ya simu. Mnunuzi ndiye asiyepewa cheo hicho.

Kuruti ni kukitwaa. Kwa kawaida mtu huanza kwa kuifungua butiloda, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba mfumo unaofuata una sahihi ya kiwanda. Kisha huingizwa chombo kama Magisk, kilichotolewa na John Wu mwaka wa 2016, ambacho huketi mlangoni na kumwuliza mwenye simu kila mara programu inapoomba mamlaka ya mzizi.

Mimi siwalaumu wanaofanya hivyo. Simu ambayo kampuni imeitelekeza, isiyoletewa tena masasisho, yaweza kutiwa mfumo mpya na kutumika miaka mingine kadhaa. Tena kijana aliyewahi kuivuruga simu kuukuu na kuifufua kwa mikono yake anajua mambo kuhusu kompyuta ambayo hayamo katika vitabu vya kiada. Hata hivyo, wengi wanaokwenda kwa fundi wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au kwa mwanafunzi mwenzao wa bwenini aliyejifunza kwa kutazama video, wanakwenda kwa kudanganyika. Wanataka nafasi. Na nafasi ndiyo wasiyoipata!

Hapa pana haja ya ufafanuzi. Hifadhi ya simu imegawanywa sehemu. Programu za kiwandani hukaa katika sehemu ya mfumo, ambayo husomwa tu wala haiandikwi, na picha, vitabu na programu anazojiwekea mtu hukaa katika sehemu yake mwenyewe. Ukuta ulio katikati hausogei. Mtu akiifuta programu ya kiwandani kwa mamlaka ya mzizi, ule upenyo unaobaki umo upande wa mfumo, wala haumfai kwa video hata moja. Katika simu nyingi za miaka hii ya karibuni hata huko kufuta hakupo: sehemu ya mfumo imefungwa kabisa, na Magisk huifunika programu kwa pazia tu isionekane. Kinachokula upande wa mtumiaji ni masasisho ya programu hizo na takataka zinazolimbikizwa nazo, na hivyo vyote vyaweza kuondolewa katika mipangilio ya kawaida ya simu, kwa kuondoa masasisho kisha kuizima programu yenyewe, bila kuruti chochote.

Gharama nayo ni kubwa. Butiloda ikifunguliwa, simu hujifuta yote yaliyomo. Mwalimu ambaye hakunakili alama za muhula mahali pengine atazililia. Programu nyingi za benki huichunguza simu zinapofunguliwa, na zikibaini kwamba imerutiwa hukataa kufanya kazi. Masasisho ya usalama ya kampuni aghalabu hukwama, kwa kuwa huikagua sehemu ya mfumo kwanza na kuikuta imeguswa. Na mtu akifuta programu ambayo nyingine zinaitegemea, simu huwaka, ikaonyesha nembo, ikazimika, ikawaka tena, vivyo hivyo hadi chaji iishe.

Lakini la hatari zaidi ni hili, kwamba ufunguo unaofungua kila mlango haumchagui anayeushika. Mwezi wa Machi 2011 Google iliondoa katika duka lake programu zaidi ya 50 zilizokuwa zimebeba uovu ulioitwa DroidDream. Programu hizo zilitumia dosari za Android kujitwalia mamlaka ya mzizi, mwenye simu asijue, kisha zikawa na uwezo wa kuingiza programu nyingine. Anayepakua chombo cha kurutia simu kwa mguso mmoja, kilichotoka asikokujua, anamkaribisha mgeni wa aina hiyo kwa hiari yake na kumwonyesha pa kulala.

Wako wanaojifariji kwamba mambo yakiharibika wataiondoa ruti na kuirudisha simu ilivyokuwa. Kwa sehemu ni kweli. Magisk ina njia yake ya kujiondoa, mfumo asilia wa kampuni waweza kurudishwa kwa kompyuta na waya, na butiloda ikafungwa upya. Tahadhari ni kwamba ikifungwa kabla mfumo haujarudi katika hali yake kamili, simu yaweza kukataa kuwaka tangu siku hiyo. Na kwingine hakuna kurudi hata kidogo. Simu nyingi za Samsung zina fyuzi ya kielektroniki katika mfumo wake wa Knox, ambayo huungua mara mfumo usio na sahihi ya kampuni unapowashwa, na fyuzi iliyoungua haiungiki. Hata mfumo wa kiwandani ukirudishwa herufi kwa herufi, huduma kama folda salama hazitafunguka tena katika simu hiyo.

Kwa mwanafunzi anayeuliza afanye nini leo, ipo njia ya kati. Azime kinachozimika. Kilichokataa kuzimika kinaweza kuondolewa kwa kompyuta, waya wa USB na chombo cha wasanidi kiitwacho ADB, ambacho Google hukitoa bure. Chombo hicho huiondoa programu katika akaunti ya mtumiaji huku nakala yake ikibaki salama upande wa mfumo. Butiloda haiguswi, programu za benki hazilalamiki, na siku mtu akijuta, kuirejesha simu katika hali ya kiwandani huleta kila kitu kilipokuwa. Ila asiguse asichokijua jina wala kazi. Majina mengine yanayoonekana ya ajabu ndiyo yanayobeba kibodi, mtandao au laini yenyewe.

Haya yote, hata hivyo, ni magongo ya kutembelea. Swali ni kwa nini mguu ulivunjwa. Kwa nini raia aliyelipia mali yake ahitaji kompyuta, waya na maarifa ya fundi ili kuondoa mchezo wa peremende?

Tena tusidhani kwamba kinachowekwa kiwandani ni kero tu. Mwezi wa Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi za Afrika zikiwemo Ethiopia, Misri, Ghana, Kameruni na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hasidi ya Triada, ambayo iliingiza nyingine iitwayo xHelper na kuwaandikisha wenyewe katika huduma za kulipia wasizoziomba. Transsion, wenye jina la Tecno, walisema kwamba uovu huo ulipenyezwa na mwuzaji mmoja katika mnyororo wa ugavi. Na iwe hivyo. Mwenye simu angefanya nini? Kuirejesha katika hali ya kiwandani hakukusaidia, kwa kuwa kiwandani ndiko maradhi yalikotoka. Mwizi alikuwa ndani ya kile chumba kilichofungwa, na mwenye nyumba hakuwa na ufunguo.

Wengine wamelikabili jambo hili kwa sheria. Korea Kusini ilitoa mwongozo mwaka wa 2014 wa kuyataka makampuni yaruhusu programu zisizo za lazima zifutwe. Umoja wa Ulaya, kwa Sheria ya Masoko ya Kidijitali iliyopitishwa mwaka wa 2022, umewaamuru wakubwa wa mifumo endeshi, Google na Apple wakiwemo, wamwachie mtumiaji aondoe kwa urahisi programu zilizowekwa, isipokuwa zile ambazo mfumo hauwezi kwenda bila hizo. Amri hiyo imewabana tangu Machi 2024. Simu zinazouzwa kule na zinazouzwa hapa hutoka mara nyingi katika viwanda vilevile. Linalowezekana Lisbon haliwezi kushindikana Lodwar.

Makampuni hudai kwamba programu hizo ndizo zinazoipunguza bei ya simu, kwa kuwa wenye programu hulipia nafasi yao. Hoja hii ina uzito, nami sitaidharau, maana bila simu rahisi wanafunzi wengi wasingekuwa na simu kabisa. Lakini ikiwa mnunuzi amelipa nusu kwa shilingi na nusu kwa nafasi na data yake, basi ana haki ya kuambiwa hivyo dukani. Wanadai vilevile kwamba mlango wa mzizi ukiachwa wazi wezi wataingia, na katika hilo nakubaliana nao. Simwombei kila mnunuzi cheo cha nambari sifuri. Naomba awe na uwezo wa kuondoa kisichohitajika, na siku kampuni itakapoacha kuiletea simu masasisho, imwachie mwenyewe aifungue butiloda bila vikwazo.

Simu za mkopo ni habari nyingine. Tangu Julai 2020, Safaricom na Google walipoanzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku, wapo Wakenya wanaobeba simu ambayo hufungwa malipo yakichelewa. Anayeiruti simu hiyo ili akwepe deni hadai haki yoyote. Anavunja ahadi, na mali hiyo bado si yake. Deni likiisha, kufuli nayo iondoke pamoja nalo, isibaki imejificha upande wa mfumo.

Kenya haipaswi kulitazama jambo hili kama mpita njia. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayoidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa nchini, na tangu mwaka wa 2023 tuna kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River. Mamlaka hiyo inapozichunguza simu huweza kuuliza, pamoja na mengine, ni programu zipi zimewekwa, kila moja inamtumia nani habari za mtumiaji, na ni zipi mtumiaji hawezi kuziondoa na kwa sababu gani. Majibu yachapishwe kwenye kasha la simu, karibu na pale wanapoandika gigabaiti, pamoja na mwaka ambao masasisho yatakoma. Walimu wa somo la Kompyuta hawana haja ya kuingoja Mamlaka. Simu kuukuu zimejaa madroo ya nyumba zetu. Moja ya hizo, isiyo na laini wala akaunti ya benki, yatosha kumwonyesha mwanafunzi ukuta ulio kati ya mfumo na mtumiaji, na ni nani aliyeujenga.