Dodoma Tunaogelea

Kila ikifika Juni kundi letu la kuogelea hupungua. Mmoja hatuagi, mwingine hutuma ujumbe wenye sababu. Sababu hizo nimezisikia hadi nimezikariri, na nyingi hazina mashiko. Nazijibu hapa kwa kuwa nawataka wenzangu warudi majini.

"Dodoma ni kukame, kuogelea ni mambo ya pwani." Haya husemwa hata na waliokulia Mwanza na Kigoma, watumishi waliofika hapa Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016. Ni kweli mvua yetu ni kama milimita 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini maji ya bwawa la kuogelea hayamwagwi kila jioni kama ya beseni. Pampu huyavuta, huyapitisha kwenye chujio, yakatiwa klorini, yakarudi. Kinachopotea zaidi ni kile kinachokaushwa na jua na upepo. Bwawa la mita 25 kwa 10 likishuka milimita 7 kwa siku limepoteza lita 1,750, sawa na madumu 88 hivi ya lita ishirini. Kwa mji wenye kiu kama wetu si maji ya kudharau, na ndiyo maana nasisitiza bwawa lifunikwe usiku. Ila si sababu ya watu kuacha kuogelea.

Wapo wanaosema basi twende Mtera, kule ni bure. Hapana! Mtera kuna mamba na viboko, na malambo yetu mengi yana konokono wa kichocho.

"Mwanamke anayejiheshimu haogelei." Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi, na hapa ndipo ninapoumia. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuelea na kuogelea wakiwa na vazi linalofunika kichwa hadi miguuni, na walimu wao ni wanawake wenyeji. Heshima haikupotea baharini. Kwetu, akina mama walipoulizwa kwa upole walitaja mambo mawili: macho ya watu, na nywele. La macho tulilimaliza kwa kuomba saa moja ya wanawake peke yao, mhudumu wa bwawa naye awe mwanamke. La nywele lilitushinda kwa muda mrefu, maana mtu aliyekaa saluni nusu siku akisukwa hawezi kukubali klorini izikaushe kesho yake. Dada mmoja akatuonyesha anavyofanya. Kwanza hulowesha misuko yote kwa maji safi ya bomba, anapaka mafuta ya nazi kuanzia kwenye ngozi ya kichwa hadi nchani, kisha anavaa kofia kubwa ya mpira. Akitoka husuuza hapo hapo, kabla hata ya kuvaa kanga. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinywi sana klorini. Sasa wanaomfuata kwenye lile bomba ni wengi, na kila mmoja ana kichupa chake cha mafuta.

"Mifupa yangu mizito, nitazama." Mzee wangu, vuta pumzi ujaze mapafu, lala chali, legeza shingo. Hewa iliyomo kifuani ndiyo inayokubeba. Wengi wanaozama darasani wamekaza mwili kwa hofu.

"Wanaokufa maji ni hao hao wanaojua kuogelea." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Kivuko kilichojaa kikipinduka hunasa hata hodari. Nasema ufukwe ulikuwa karibu, na kwamba watoto wetu hapa wanacheza kandokando ya madimbwi na malambo kila masika.

Kuhusu baridi, ninakubali nusu. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai maji hukata mifupa. Basi tusije asubuhi. Saa tisa alasiri jua limekwisha kuyapasha, na dakika ishirini zinatosha. Anayeacha Juni kwa ahadi ya kurudi Septemba mara nyingi harudi, kwa sababu siku yake imeshachukuliwa na shughuli nyingine.

Imebaki bei, na hii siwezi kuipinga. Mabwawa tunayoyatumia ni ya hoteli, na kiingilio cha mtu mmoja mwenye watoto watatu kinaumiza. Tulichoweza ni kwenda kwa meneja tukiwa kumi na wawili, tukaomba bei ya kundi kwa siku ya Jumanne, bwawa linapokuwa tupu. Alikubali. Watoto wa mtaani kwangu bado hawamo katika bei hiyo, na mwezi huu tunarudi kwake kuwaombea.